Sina Pepo, Nina Madam

Kama unasoma haya ukiwa umechagua kiti kilicho karibu na mlango, na umehakikisha mara mbili kwamba mlango wenyewe haujafungwa kwa nje, basi karibu, tuko wengi. Naandika kwa ajili yako. Sitakueleza ubongo unafanya nini mtu akipata mshtuko, kwa sababu sijui, na waliojaribu kunieleza walinichorea kitu kinachofanana na koliflawa. Nitakueleza tu niliyoyapitia mimi, Dama, kidato cha tatu, shule moja ya kutwa hapa Kilifi. Kabla ya kuugua nilijulikana kwa kuigiza sauti za walimu. Sasa najulikana kwa jambo jingine, utalisikia.

Nikuonye mapema: hii si simulizi ya kusamehe. Ukitaka za kusamehe, kanisani kwa mama wanazo kila Jumapili, tena na ngoma.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa tatu, kabla ya masika, lile joto ambalo hata kuku hutembea wameachama. Naibu wa mwalimu mkuu, ambaye sote tulimwita Madam tu, kana kwamba walimu wengine wa kike walikuwa wa majaribio, alinikuta nyuma ya maktaba nikimwiga. Nilikuwa nimejaza sweta ndani ya sketi kwa nyuma, natembea kama yeye, nasema kwa pua: "Nyie watoto, mimi si mama yenu!" Wenzangu wakaacha kucheka ghafla. Nilipaswa kujua kimya cha namna ile kina maana gani, lakini nilikuwa nimenogewa. Nikaongeza mzunguko mmoja wa makalio, nikageuka, nikakutana naye uso kwa uso. Nyuma yangu nilisikia viatu vikikimbia. Kila mmoja wa wale rafiki zangu aliona visigino vya mwenzake tu.

Hakunipiga. Alinishika mkono, akanipeleka stoo ya vitabu vikuukuu, chumba kisicho na dirisha, akasema, "Kaa humo uwaigize panya. Nikirudi baada ya dakika kumi niikute adabu yako." Akafunga kufuli. Kisha akaenda Malindi kwenye harusi ya binamu yake.

Nyumbani hawakunitafuta. Nilikuwa nimemwambia mama kwamba nikitoka shule naenda Rabai kwa shangazi, na shangazi mwenyewe hakuwa na habari, maana nilitaka kumshtukiza. Basi mama akajua niko Rabai, na Rabai hawakujua chochote.

Nilitolewa Jumamosi jua la utosini, na mfagiaji aliyesikia kitu kinakwaruza. Ya katikati siyaandiki. Vipande vyake anavyo Bi Zuhura, mshauri wa hospitali, na vinamtosha. Nitasema hili tu: niligonga mpaka vifundo vya vidole vikachubuka, nikaita mpaka sauti ikakatika.

Jumatatu Madam alisimama mbele ya mwalimu mkuu na wazazi wangu, akasema kwa upole, "Mtoto alijificha mwenyewe kwa ile mizaha yake, mlango ukajibana. Mimi kufuli sikuligusa." Na wakamwamini! Utawalaumu vipi? Mwaka uliotangulia nilijifanya nimezirai paredi mpaka mwalimu mkuu akanimwagia maji ya maua, na yale maua yakiwa ndani. Mfagiaji alipoulizwa, alisema hakumbuki kama kufuli lilikuwa limefungwa au limening'inia tu. Ana watoto wanne na kibarua. Simlaumu sana. Namlaumu kidogo.

Baba, ambaye hukatia maua hotelini huko Bofa na hajawahi kumpiga hata mbwa, alirudi nyumbani akalitazama panga kwa muda mrefu, kisha akaenda kufyeka majani yasiyokuwepo. Mama alinikalisha kando ya karai lake la viazi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dama, mwanangu, niambie kweli. Si mzaha wako huu?"

Swali hilo liliniuma kuliko stoo. Nikaamua hapo hapo: Madam ataitamka ile kweli kwa mdomo wake, mbele ya watu, na sitakufa kabla sijaisikia.

Lakini kwanza niliugua.

Wiki ya kwanza nilikuwa siwezi kuoga. Bafu letu ni mabati matatu na pazia la gunia, lakini hata gunia lilinibana kifua. Nilioga uani kabla watu hawajaamka, mama amenipa mgongo akilinda kona. Masika yalipoanza, wenzangu walifunga madirisha ya darasa, nami nikatoka nje na daftari langu, nikanyeshewa. Nywele zilikatika kwenye chanuo kama nyasi kavu. Siku zangu za mwezi zilipotea miezi miwili, na kwa kuwa majirani zetu wa Kibarani wanajua kuhesabu kuliko mwalimu wa hesabu, uvumi ukanizunguka. Nilisaga meno usingizini mpaka gego likapasuka. Na kubwa zaidi, ulimi ukawa mzito. Mtu akisema jambo la kuchekesha, nililiona likipita kama gari la watalii, nami nimesimama tu kando ya barabara.

Matibabu yalikuja kwa zamu, na mimi miezi ile naihesabu kwa hayo.

Kwanza ilikuwa zamu ya kanisa. Mchungaji alifunga mlango wa ofisi ili pepo asitoroke wakati wa maombi. Nikamng'ata mkono. Ndipo wakakubaliana wote kwamba pepo yumo.

Ikaja zamu ya kombe. Jirani yetu Mama Swaleh alinipeleka kwa shehe mmoja mpole aliyeandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, nikayanywa asubuhi siku saba. Mama alinuna, baba akamwambia, "Mungu ni mmoja, mwache mtoto anywe," wakanuniana wao kwa wao wiki nzima. Mimi nilipenda ile harufu. Nilipenda pia kwamba shehe alikaa nami barazani na hakuniuliza hata mara moja kama nasema kweli.

Kisha hospitali. Benchi la kliniki ya akili limetazamana na benchi la wajawazito, na watu wakinikodolea macho nilikuwa nashika tumbo kidogo, natazama kulia, natazama kushoto, wachague wenyewe uvumi. Siku ya kwanza Bi Zuhura aliniita, nikafika mlangoni kwake miguu ikagoma. Hakunivuta. Alitoka na kiti chake mwenyewe, akakiweka ukumbini kati ya ndoo na machela mbovu, akasema, "Hapa pana upepo, eti?" Tulikaa ukumbini majuma manne. Alinifundisha kupumua polepole huku nikitaja vitu vitano ninavyoviona. Nikataja: ndoo, ndoo, ndoo, ndoo, mganga wa kizungu bila dawa. Akacheka. Hicho kilikuwa kichekesho changu cha kwanza tangu mwezi wa tatu, na nilirudi nyumbani nimekishika kama yai.

Na mwisho, hawe, nyanya yangu mzaa baba, aliye bara, upande wa Ganze. Alisikia kwa kuchelewa, akaja Kibarani na mfuko wa majani, hakumwamkia mtu, akaweka chungu motoni. Vuo, ndivyo tunavyouita ule mchemsho wa majani, mtu huinamia mvuke wake amefunikwa blanketi gubigubi. Niliona blanketi nikaanza kutetemeka. Hawe akalitupa kando. "Mvuke utakaotoroka utoroke. Tutachemsha mwingine." Jioni akanikanda kichwa na mabega kwa mafuta ya nazi, kimya, kwa vidole vigumu kama mizizi ya muhogo. Nililala siku ile bila kusaga meno. Nilipomweleza Bi Zuhura, alisema, "Mikono ya hawe na mimi tunafanya kazi moja. Usimwache, na mimi usiniache." Huo ndio ushauri wa maana ninaoweza kukupa, na si wangu.

Lakini hawe aliona vuo halitoshi. Likizo ya mwezi wa nane, kipupwe kimeingia, akatangaza kwamba nitapungwa pepo.

Mama alilia, baba akajikuna kisogo. Mimi nikakubali haraka mno, mpaka hawe akanitazama kwa shaka. Unajua, mimi sikuwa na pepo. Nilikuwa na Madam. Lakini nilikuwa nimeona ngoma za pepo tangu utotoni, na najua utaratibu wake: pepo akipanda kichwani, mganga humuuliza, wewe nani, wataka nini? Naye akitaja, hata kama ni kanzu, pete au mbuzi mwekundu asiye na baka, ukoo mzima hukimbia kutafuta. Mimi nilikuwa nimesema kwa miezi mitano na hakuna aliyekimbia popote. Basi nikaona, nisiposikika mimi, atasikika pepo.

Nikafanya mazoezi shambani kwa hawe. Nilitunga pepo mzee wa Kiarabu, sauti nzito, kikohozi cha tumbaku. Nikamwandalia na madai: Madam awike kama jogoo. Madam atembee kama ninavyomwiga. Madam alale stoo. Mbuzi walinitazama kwa heshima mpya.

Bi Zuhura, nilipomwambia naenda kupungwa (ya jogoo sikumwambia), aliniambia, "Nenda. Ila wakikuletea kitu cha kukufunika, sema kabla. Na Jumatano tuonane."

Sikusema kabla. Hilo ndilo kosa langu, wewe usilirudie.

Ngoma ilianza asubuhi, uani kwa hawe, jua likiwa jepesi. Mganga alikuwa Mbodze, mwanamke mfupi aliyening'iniza simu mbili shingoni juu ya shanga zake. Wanawake wanne walitikisa kayamba, zile mbegu zikitoa sauti kama mvua inayokuja kutoka mbali. Ubani ukafuka. Walijaribu mdundo huu na huu, wakitafuta ule ambao pepo wangu angeujibu, na mimi nikasubiri kwa utulivu kama mwigizaji nyuma ya pazia. Nikapanga: mdundo wa tatu, nakohoa.

Mdundo wa pili, Mbodze akanitupia shuka nyeusi kichwani.

Mzee wa Kiarabu alitoweka. Sikukumbuka hata kikohozi chake. Nilikuwa stoo. Kayamba zilikuwa panya. Nilisikia mtu anapiga ukelele, na mwili wangu ulikuwa chini ukigonga ardhi kwa ngumi, na kwa mbali sana Mbodze akauliza, "U nani wewe?"

"Niko ndani," nikasema. Si kwa sauti niliyoiandaa. Si kwa sauti ninayoijua.

"Wataka nini?"

"Namtaka mwenye ufunguo."

Kayamba zikanyamaza. Hawe mwenyewe ndiye aliyekuja kunivua ile shuka, akanikumbatia, mafuta ya nazi na jasho, akamwambia Mbodze, "Umesikia. Ana jina la mtu."

Siku iliyofuata hawe alifunga leso mbili akapanda gari kwenda Kilifi. Hakwenda shuleni. Alikwenda kwa mama yake Madam, kikongwe wa huko huko kwetu bara ambaye sasa anaishi na bintiye mjini, wakaongea Kigiriama kwa saa moja. Nasikia kikongwe yule alimwambia Madam maneno machache tu: "Pepo akikuita, usipokwenda huja mwenyewe. Na hapa tuna vyumba viwili tu, hatuna pa kumlaza."

Jumamosi iliyofuata, Madam alikuja.

Alivaa viatu vya shule na mkoba mweusi, akakalishwa kwenye kigoda mbele yangu. Baba alikuwepo. Mama naye, aliyeapa hatakanyaga ngomani, alikuwepo, nyuma ya ghala la mahindi, akijifanya anatafuta mtandao wa simu. Safari hii nilikuwa nimemwambia Mbodze: shuka hapana. Akatangaza kwa sauti ya juu, "Pepo huyu anataka hewa!" na wote wakaitikia kana kwamba ni jambo la kawaida.

Kayamba zikaanza. Nikaacha macho yalegee. Nikajua nikitaka naweza kuigiza, na nikitaka naweza kuteremka kule chini nilikofika wiki iliyopita. Nilisimama katikati, mguu mmoja huku, mmoja kule.

Mbodze akamgeukia Madam. "Mwamkie."

"Nimwamkie nani?" Madam akauliza.

"Pepo ni mkubwa. Hata mimi humwamkia."

Madam alinitazama. Kope lake la kushoto lilikuwa linaruka. "Shikamoo," akasema, kama mtu anayetema mbegu.

Sikujibu. Sikilizeni nyie mliowahi kusimama juani mkisubiri mwalimu aitikie salamu yenu: sikujibu. Niliiacha ile shikamoo ining'inie mpaka kuku mmoja akapita chini yake.

"Hajasikia," Mbodze akasema.

"Shikamoo!" Safari hii ilitoka kifuani.

"Marahaba," nikasema. "Sema."

"Niseme nini?"

"Ulichofanya na ufunguo."

Alikunja mkono wa mkoba, akaukunjua. Kisha akaanza kuzungumza na ardhi. Kwamba alinifungia yeye. Kwamba gari la harusini lilikuwa likimpigia honi. Kwamba alisahau.

Mbodze alikuwa tayari kupiga makofi kwamba yamekwisha. Lakini mimi, au yule aliyekuwa mguu wangu wa pili, nikauliza, "Ulikumbuka lini?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Sijui lilitoka wapi. Madam aliinua uso, na nikaona kwamba hilo ndilo swali aliloogopa njia nzima kutoka mjini.

"Ijumaa hiyo hiyo," akasema. "Tulipokuwa tunapakuliwa pilau. Nilikumbuka. Nikasema, atakuwa ameshafunguliwa na mtu. Nikasema, nikipiga simu watajua ni mimi." Akaukunja tena mkono wa mkoba. "Nikala."

Nyuma ya ghala kulitoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mama. Alikuja mbio, kiatu kimoja kimebaki huko, mkono ameshauinua, na hawe aliye nusu ya umbo lake akamdaka kiunoni. "Mwache pepo amalize!" Mama akapiga magoti palepale, si mbele ya Madam, mbele yangu. "Dama. Dama, mwanangu. Nilikuuliza swali baya."

Nililia basi. Na pepo alilia. Tuligawana.

Jogoo sikumtaja tena. Orodha yote ilionekana ya kitoto mbele ya lile neno moja, nikala. Hasira niliyokuwa nayo awali ilikuwa ya mtu aliyesahauliwa. Sasa nikawa na hasira mpya, nzima, yenye meno. Nikamwambia, "Haya uliyoyasema hapa, utayasema paredi. Siku ya kwanza shule ikifunguliwa. Yote. Na pilau uitaje."

"Nitapoteza kazi."

"Mwambie yeye hilo," Mbodze akasema, akinionyesha mimi. Madam hakuniambia.

Aliyasema paredi. Mwanzoni watoto walicheka wakidhani ni mzaha. Alipofika kwenye pilau hakukuwa na anayecheka, na mfagiaji alikuwa ameegemea ufagio wake akitazama viatu. Unaibu wamemvua. Kazi hakupoteza, anafundisha Jiografia, vidato vya chini. Watu wameniambia nishukuru kwamba haki imetendeka. Mimi nilitamani angalau atoke shuleni na vitu vyake kwenye katoni. Lakini pepo hakulitaja hilo, na madai ya pepo hayaongezwi.

Kuhusu kupona: vuli hii mtihani nimefanyia ndani, mlango umezuiwa na jiwe, nikapumua, nikataja vitu vitano, nikajibu maswali manne kati ya sita, jambo ambalo hata kabla ya ugonjwa lingekuwa muujiza. Nywele zimerudi. Siku zangu zimerudi, na majirani wamelazimika kutafuta mimba nyingine. Hawe hunikanda kila mwisho wa mwezi. Mama siku hizi anajua kuchemsha vuo na hulitilia maombi juu, kila mtu na kiungo chake. Bi Zuhura tumeingia ofisini kwake, dirisha wazi. Nilimwambia kwamba ile siku ya Madam nusu nilikuwa naigiza. Akaniuliza, "Nusu ipi?" Mpaka leo natafuta jibu.

Aliniuliza pia kama nitamsamehe. Nikamwambia sijui, na kama dawa inakataa kufanya kazi bila kusamehe aniambie mapema nitafute nyingine. Akasema haikatai. Akasema tu niangalie nisije nikawa mimi ndiye ninayeshika ufunguo. Nimeliandika hilo neno lake hapa kwa uaminifu, ingawa halinifurahishi.

Kwa sababu wiki jana Madam alinisimamisha karibu na bomba la maji. Amekonda. Alitazama kama kuna watu, akainamisha kichwa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dama, mama, niambie. Yule siku ile alikuwa pepo, au ulikuwa wewe? Silali."

Ningeweza kumtua mzigo kwa neno moja. Nilimtazama vizuri, nikalegeza macho kidogo tu, kama siku ile, nikakaa kimya.

"Shikamoo," akasema Madam.

Nimebakiza mwaka mmoja shuleni. Nikimaliza, labda nitamjibu.